Mwalimu akae wapi katika mtihani wa taifa?

Matokeo ya kwanza ya KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, yalipotangazwa nchini Kenya Desemba 2025, wazazi wengi walikuta lugha ngeni. Ile jumla ya alama kati ya 500 waliyoizoea enzi za KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, haikuwapo. Badala yake kulikuwa na viwango: mtoto amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini yake, na kila kiwango kimegawanywa mara mbili hadi vikatimia vinane. Nyuma ya viwango hivyo kuna hesabu. Asilimia 60 hutokana na karatasi za Gredi ya 9, asilimia 20 hutokana na KPSEA, tathmini ya mwisho ya Gredi ya 6, na asilimia 20 zilizobaki hutokana na tathmini zilizofanyiwa shuleni katika Gredi ya 7 na 8.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyozua maneno. Wapo wanaouliza imekuwaje mwalimu wa darasa aruhusiwe kugusa alama zitakazoamua mtoto aende shule gani ya sekondari pevu. Wapo pia wanaolalamika kinyume chake: kwamba mwalimu amegeuzwa karani wa kupakua maswali kwenye tovuti ya Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC), kuyachapisha, kuyasahihisha na kupakia alama, bila mtu kumuuliza kama maswali yenyewe yanafaa. Lawama zote mbili zina ukweli ndani yake, na kubishana kama mwalimu aaminiwe au asiaminiwe hakuzimalizi. Mtihani wa taifa hupitia hatua nyingi, na uwezo wa mwalimu haulingani katika kila hatua. La kuuliza ni aaminiwe wapi.

Mfumo uliomweka mwalimu mbali

Afrika Mashariki ilirithi utaratibu wa mitihani wa Cambridge, ambamo majibu yalisafirishwa ng'ambo na aliyesahihisha hakumjua aliyeandika. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lililoundwa 1967, lilianza kuihamishia kazi hiyo nyumbani. Tanzania ilijitoa 1971 na kuanzisha baraza lake, NECTA, kwa sheria ya 1973. Kenya ikaunda KNEC mwaka 1980.

Kuanzia hapo njia zikaachana. Azimio la Musoma la 1974 lilishutumu tabia ya kumpima kijana kwa karatasi ya siku moja, na Tanzania ikaingiza maendeleo ya kila siku darasani katika hesabu ya matokeo ya sekondari. Mwanzoni yalichukua nusu nzima. Kenya, ilipoingia mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, iliweka imani yake yote katika karatasi ya mwisho ya KCPE. Hadi mtihani huo ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mwalimu wa msingi aliweza kumfundisha mtoto miaka minane bila kuchangia hata alama moja katika matokeo yake.

Utaratibu huo ulikuwa na sababu yake. Nafasi katika shule za kitaifa ni chache mno kuliko wanaozitaka, na penye uhaba wa namna hiyo, yeyote anayeshika kalamu ya alama atabishiwa hodi. Mgeni asiyemjua mtoto wala mzazi ni kinga. Hata hivyo kinga hiyo haikuzuia wizi wa mitihani. Mwaka 2015 matokeo ya watahiniwa 5,101 wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yalifutwa. Machi 2016 bodi ya KNEC ikavunjwa, makontena ya mitihani yakawekwa chini ya ulinzi mkali, na idadi ya waliopata gredi ya A ikaporomoka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Wengine walisema huo ndio uchafu uliosafishwa. Wengine walishuku kwamba namna ya kupanga gredi nayo ilibadilika. Mjadala huo haukuisha vizuri, kwa sababu raia wa kawaida hakuwa na njia ya kuona jinsi gredi zinavyopangwa.

Mkono usioonekana

Kinachosahaulika katika malumbano haya ni kwamba mtihani wa nje nao ni kazi ya walimu tangu mwanzo hadi mwisho. Baraza lina maafisa wa masomo, lakini maswali hutungwa na walimu walioitwa, huchujwa na jopo la walimu wengine, husimamiwa na walimu, na husahihishwa na walimu.

Usahihishaji wa KCSE ndio mfano bora. Kila mwisho wa mwaka maelfu ya watahini hukusanyika katika shule za bweni. Kabla ya kugusa karatasi halisi hukaa pamoja na mtahini mkuu wa somo, husahihisha majibu yaleyale, hulinganisha alama, hubishana, na kurekebisha mwongozo wa kusahihisha pale watoto walipojibu kwa njia sahihi ambayo mtungaji hakuiwazia. Kisha kila mmoja hupewa swali lake na karatasi hupita mkononi mwa mmoja hadi mwingine, kiasi kwamba hakuna mtu mmoja anayeamua hatima ya mtahiniwa. Huyu ni mwalimu yuleyule anayetiliwa shaka akiwa darasani kwake. Kilichobadilika ni mazingira: hawajui watoto, hayuko peke yake, na kazi yake inapitiwa na kiongozi wa kundi.

Faida ya kazi hiyo hurudi shuleni. Aliyewahi kusahihisha Insha au Kemia hufundisha akijua mahali watoto wanapopoteza alama, ndiyo maana shule zenye uwezo hualika watahini kuja kuzungumza na wanafunzi wao. Na hapo pana dosari ambayo haisemwi sana. Shule yenye watahini watatu na shule isiyo na hata mmoja zinaufanya mtihani uleule, lakini hazijui mambo yaleyale kuuhusu. Malipo nayo ni chanzo cha malalamiko ya kila msimu, na mazingira ya kazi pia, hivyo baadhi ya walimu wazuri huacha kwenda.

Hoja ya kumwongezea mwalimu uzito

Wanaotetea tathmini ya shuleni wana hoja nzito. Karatasi haiwezi kupima kila kitu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini Januari 2019, unadai mtoto aweze kupanga mradi, kufanya kazi na wenzake, kutengeneza kitu, kueleza mbele ya darasa. Hayo huonekana kwa muda mrefu, na anayeyaona ni mwalimu. Mtoto aliyeamka na malaria siku ya mtihani, au aliyefiwa wiki ile, ana kumbukumbu ya miaka miwili ya kumtetea. Zaidi ya hayo, kisichohesabiwa katika matokeo hakifundishwi. Hili kila mkuu wa shule analijua hata kama hataki kulitamka. Ukiziondoa asilimia 20 za shuleni, kazi za mikono zitarudi kuwa mapambo ya siku ya wazazi.

Udhaifu umo katika utekelezaji. Mwalimu wa darasa la watoto 60 au 70 anatakiwa kuangalia utendaji wa kila mmoja kwa mwongozo wa viwango, katika masomo mengi, huku akifundisha. Shule isiyo na printa wala mtandao wa kutegemewa humtuma mtu kwenye saiba mjini akachapishe zana na kupakia alama, mara nyingine kwa fedha zake. Kazi ikiwa hivyo, wengi hujaza alama jioni moja kwa kumbukumbu. Sina haja ya kuwaita wadanganyifu. Ni watu waliopewa kazi isiyoingia ndani ya saa walizonazo.

Kuna jambo jingine. Katika KPSEA, tathmini za shuleni zilipewa asilimia 60 na karatasi ya mwisho asilimia 40, na hilo halikuleta vita kwa kuwa kila mtoto wa Gredi ya 6 huendelea na Gredi ya 7. Katika KJSEA uzito wa shuleni ni mdogo zaidi, lakini alama zinampangia mtoto shule. Asilimia 20 zenye kuamua nafasi huleta shinikizo kubwa kuliko asilimia 60 zisizoamua chochote. Mipango mingi ya tathmini hulisahau jambo hili dogo, ikidhani kwamba shinikizo hupimwa kwa asilimia.

Hoja ya kumweka kando

Upande wa pili hauna haja ya kutafuta ushahidi mbali. Alama za kupikwa ni msemo unaoeleweka bila tafsiri kuanzia Mombasa hadi Mwanza. Tanzania, yenye uzoefu mrefu zaidi wa kuchanganya alama za shule na za mtihani, imebadilisha uzito wake mara kadhaa. Sakata la kidato cha nne la 2012 lilionyesha jinsi jambo hili linavyoweza kulipuka. Watahiniwa wapatao asilimia 60 walipata daraja la sifuri, tume ikaundwa chini ya Profesa Sifuni Mchome, na Mei 2013 serikali ikafuta matokeo hayo na kuagiza yapangwe upya. Maelezo yaliyotolewa yaligusa zaidi utaratibu mpya wa kupanga madaraja, uliotumika bila shule kuandaliwa, kuliko uvivu wa wanafunzi. Waliopanga hawakuwa wamewashirikisha wale ambao wangelazimika kuueleza kwa wazazi.

Uingereza ilipata somo lake wakati wa korona. Mitihani ilipofutwa 2020, walimu wa England walitoa makadirio ya alama za A-level, na mamlaka ya mitihani ikayapitisha kwenye hesabu ya kompyuta iliyoshusha karibu asilimia 40 ya makadirio hayo. Vijana waliandamana, na katikati ya Agosti serikali ikarudi kwenye alama za walimu. Mwaka uliofuata walimu ndio walioamua, na gredi za A au A* zikafikia karibu asilimia 45 ya zote, kutoka takriban asilimia 25 mwaka 2019. Sidhani kwamba walimu wale walikula njama. Kila mmoja, akiwa peke yake, alimpa mwanafunzi wa mpakani nafasi nzuri, kama ambavyo mtu mwema angefanya. Wema wa maelfu ukijumlishwa huharibu kipimo.

Lakini hoja ya kumweka mwalimu kando nayo ina shimo. Hudhani kwamba karatasi ya nje haina upendeleo. Chukua swali la kawaida la Kilimo: mkulima wa mahindi hupanda mwezi gani? Mtoto wa Trans Nzoia atasema Machi au Aprili. Mtoto wa Kitui, ambako mvua za vuli ndizo za kutegemewa, ana kila sababu ya kusema Oktoba. Ikiwa jibu "sahihi" ni moja, mmoja wao ameadhibiwa kwa kuijua ardhi yao. Hesabu ya ngazi za umeme za duka kubwa humpa mtoto wa Nairobi picha, na humpa wa Mandera fumbo la kwanza kabla hajafika kwenye hesabu yenyewe. Mtaalamu wa vipimo aliye ofisini hawezi kuyaona yote haya. Mwalimu wa Mandera angeyaona kwa kusoma swali mara moja, lau angeonyeshwa.

Hapo siri inagongana na ubora. Sheria ya KNEC ya 2012 inatisha, na kwa haki: anayeipata karatasi na kumfichulia asiyeruhusiwa yaliyomo anaweza kufungwa hadi miaka 10. Lakini kadiri maswali yanavyoonwa na macho machache, ndivyo makosa yanavyopita. Swali lisilojaribiwa kwa watoto kabla ya mtihani hujaribiwa siku ya mtihani wenyewe, kwa gharama ya mtahiniwa.

Waliotafuta njia ya kati

Jimbo la Queensland, Australia, lilifuta mitihani ya nje ya sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1970 kufuatia ripoti ya Radford, na likawaachia walimu kazi yote. Halikuwaacha kila mmoja na darasa lake. Shule zilipeleka mafaili ya kazi za wanafunzi kwenye majopo ya walimu wa shule nyingine, waliokagua kama A ya mahali hapa inalingana na A ya mahali pale. Mfumo huo ulidumu karibu miaka hamsini. Ulikuwa na gharama: muda wa walimu, safari, na mashaka kama majopo yalikuwa makali kwa usawa. Kuanzia kundi la 2020 jimbo lilirudisha mtihani wa nje, ukiwa na asilimia 25 katika masomo mengi na 50 katika Hisabati na sayansi. Hata hivyo jicho la pili halikuondolewa. Kazi ya kupimia inayotungwa na shule hukaguliwa na walimu wengine kabla ya kutumika, na alama huthibitishwa baadaye kwa kuchukua sampuli.

Texas, Marekani, imeshika upande mwingine wa kamba. Mtihani wake wa jimbo ni wa nje kabisa, lakini kamati za walimu wa darasani husoma maswali kabla hayajajaribiwa, zikitafuta makosa, upendeleo na mambo yasiyo ya kiwango cha darasa husika. Maswali mapya huchomekwa ndani ya mtihani halisi bila kuhesabiwa katika alama, na mwanafunzi hajui ni yapi. Takwimu zikirudi, swali linaweza kukaguliwa tena kabla halijatumika kumhukumu mtu. Kwa mbinu hiyo mgongano wa siri na ubora hupungua sana: swali linajaribiwa kwa maelfu ya watoto bila kuvuja. Udhaifu wake ni kwamba walimu hushauri tu. Haiwahusu kama mtihani uwepo, wala matokeo yatumike kuadhibu shule.

Uzito uhamie wapi

Mifano hii ikiwekwa pamoja inaonyesha mpangilio ulio wazi. Mwalimu ni hodari sana anapolipima swali, kwa sababu anajua mtoto wa umri ule husoma vipi na hukosea vipi. Ni hodari pia anaposahihisha akiwa na wenzake kazi za watoto asiowajua. Hutetereka anapokuwa peke yake, na wanafunzi wake mwenyewe, akitoa alama itakayoamua nafasi. Kenya, kwa bahati mbaya, imemwekea mzigo mpya mahali anapotetereka, na imeacha nafasi yake ya kulipima swali iwe ya wachache walioitwa kwa siri.

Kuzifuta asilimia 20 si dawa, kwa sababu niliyoitaja: kisichohesabiwa hakifundishwi. Kinachowezekana ni kuzipa jicho la pili. Muundo wake upo tayari. Kwa miaka mingi shule za Kenya zimekuwa zikitunga mitihani ya pamoja ya kujipima, walimu wa somo moja wakikutana katika kaunti ndogo, wakigawana mada na kubadilishana karatasi za kusahihisha. Majopo hayohayo yanaweza kuchukua sampuli ya miradi ya Gredi ya 7 na 8 kutoka kila shule, kuisahihisha upya bila kujua jina, na kupeleka tofauti KNEC. Shule ikiwa na alama zilizo juu mno kila mara, alama hizo zirekebishwe, na mwalimu aelezwe kwa nini. Hayahitajiki mafaili yote ya zaidi ya watoto milioni 1.1 waliofanya KJSEA 2025. Sampuli ndogo inatosha kumfanya kila mtu ajue kwamba kazi yake inaweza kuitwa.

Kuhusu maswali, KNEC ina faida ambayo mabaraza madogo hayana: watahiniwa wengi. Maswali matatu au manne ya majaribio katika kila karatasi yangejaza benki ya maswali yaliyopimwa ndani ya miaka michache. Walimu wa kuyakagua watoke kaunti zote, wa shule za mashambani na za maeneo kame wakiwamo, na wabadilishwe kila baada ya muda ili ujuzi usirundikane katika shule chache. Ripoti za KCSE ambazo baraza huandaa kila mwaka, zikieleza watahiniwa walikosea wapi, ziwe bure kwa kila shule. Kuuza ripoti ya namna hiyo ni kuuza dawa kwa mgonjwa aliyepimwa kwa lazima.

Kupanga mipaka ya viwango ndiko kunakohitaji uwazi zaidi, na ndiko mwalimu anakotajwa kidogo. Mstari kati ya kufikia matarajio na kuyakaribia ni uamuzi wa watu, si jambo linalojitokeza lenyewe kwenye kompyuta. Nchi nyingine huweka walimu mezani, huwasomesha maswali moja baada ya jingine na kuwauliza ni watoto wangapi kati ya mia, walio mpakani, wangeweza kulijibu kila moja. Makadirio hayo hulinganishwa na takwimu halisi. Si sayansi kamili, lakini mwalimu aliyekuwa mezani anaweza kumweleza mzazi kijijini kwa nini mtoto amepata kiwango alichopata. Leo mzazi huyo humuuliza mwalimu ambaye naye hajui.

Yote haya yana bei. Siku za kukaa kwenye majopo ni siku za kukosekana darasani, katika shule za sekondari msingi ambazo tayari zina upungufu wa walimu. Tume ya Huduma za Walimu italazimika kuzihesabu kama kazi, na Hazina kuzilipa. Zikiachwa kuwa za kujitolea zitafanywa na walio karibu na mji pekee. Mwaka wa kwanza wa ukaguzi utashusha alama za shule nyingi, zikiwamo zenye wazazi wenye sauti. Tanzania ya 2012 inaonyesha kinachotokea kanuni zinapobadilika juu ya vichwa vya watahiniwa. Kwa hiyo utaratibu utangazwe mapema, uanze na watoto wanaoingia Gredi ya 7 badala ya walio katikati ya safari, na matokeo ya ukaguzi wa mwaka wa kwanza yachapishwe kwa kila kaunti bila kugusa alama ya mtoto yeyote, ili walimu waone tofauti zao kabla hazijaanza kuhesabiwa.